Mita za kwenye boksi hazimtambui mbweha

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wenu wamekuwa wakiulizana katika ukurasa huu ni darubini gani ya usiku inayofaa kuwindia mbweha na wanyama wengine wanaovamia mifugo, na majibu mengi yamekuwa ya namna moja: nunua inayoona mbali zaidi. Tunaandika kulipinga jibu hilo. Umbali unaochapishwa kwenye boksi ni umbali wa kugundua kwamba kuna kitu chenye joto. Mwindaji anahitaji kujua kitu hicho ni nini, tena ajue kabla bunduki haijainuliwa. Kati ya hayo mawili pana tofauti ya mamia ya mita, mara nyingi zaidi ya elfu moja, na humo ndimo mbwa wa jirani, ndama aliyelala na hata mtu aliyechuchumaa hupigwa risasi.

Hesabu yenyewe si ngumu, na muuzaji asiyeweza kuifanya mbele yako hafai kukuuzia. Darubini ya joto, yaani ile inayounda picha kutokana na joto la vitu badala ya mwanga, ina kihisi kilichogawanywa katika vijisehemu viitwavyo pikseli. Vifaa vingi vya sasa vina pikseli za mikromita 12 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na vya zamani kidogo vina za 17. Chukua namba hiyo, igawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi kwa milimita, kisha zidisha kwa 10. Utapata sentimita ambazo pikseli moja inafunika kwenye umbali wa mita 100. Kwa pikseli za mikromita 12, lenzi ya milimita 25 inakupa sentimita 4.8, ya 35 inakupa 3.4, na ya 50 inakupa 2.4. Kwenye mita 200 zidisha mara mbili, kwenye mita 300 mara tatu.

Mbweha mwekundu ana kimo cha kama sentimita 40 kutoka ardhini hadi begani. Kwa lenzi ya milimita 35, akiwa mita 100 anapata pikseli 11 au 12 za kimo. Akiwa mita 200 anabaki na 6 hivi. Akiwa mita 300 anazo 4, na karibu nusu ya hizo ni miguu, ambayo kwenye majani haionekani kabisa. Kinachobaki kwenye skrini ni doa jeupe lenye mwendo. Sungura mkubwa aliye karibu zaidi anaweza kutoa doa hilohilo, maana picha ya joto haikuambii kitu kiko umbali gani.

Mwaka 1958 mwanasayansi wa jeshi la Marekani, John Johnson, alipima ni undani kiasi gani wa picha unaomwezesha mtazamaji kugundua kitu, kukijua ni cha aina gani, na kukitambua hasa. Alitumia jozi za mistari, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Ukizigeuza kuwa pikseli, kugundua kunahitaji 2 hivi, kujua aina kunahitaji 8, na kutambua kunahitaji 13, zikihesabiwa kwenye upande mfupi wa kitu. Hapo uwezekano wa kupatia ni nusu kwa nusu tu. Watu wa fani wameboresha vipimo hivyo tangu wakati ule, lakini kwa mwindaji vinatosha. Vitie kwenye hesabu ya mbweha wetu: kufikia pikseli 13, lenzi ya 25 inakomea mita 64 hivi, ya 35 mita 90, na ya 50 kama mita 128. Hiyo ndiyo mipaka ya kumtambua kwa umbo peke yake. Mwendo wake, mkia wake na namna anavyoshusha kichwa kunusa vinaweza kukuongezea umbali kiasi kama jicho lako limezoea, ila hakuna anayeweza kukuandikia nyongeza hiyo kwenye boksi.

Sasa lichukue boksi lililoandikwa mita 1,800, lenzi hiyohiyo ya 35. Kwenye umbali huo pikseli moja inafunika sentimita 62. Kwa kawaida watengenezaji hupigia hesabu mtu mwenye kimo cha mita 1.8 na upana wa nusu mita. Mtu huyo anapata pikseli 3 kwenda juu, na upana wake haujazi hata pikseli moja. Mbweha aliyesimama ni mfupi kuliko pikseli moja. Boksi halidanganyi, ila linajibu swali ambalo mwindaji hakuuliza.

Jambo la pili linalowachanganya wanunuzi ni ukubwa wa kihisi. Wengi huamini kihisi cha pikseli 640 kwa 512 humwonyesha mnyama kwa undani zaidi kuliko cha 384 kwa 288. Kama pikseli ni za ukubwa ule ule na lenzi ni ile ile, mbweha wa mita 200 anapata pikseli zile zile 6 kwenye vihisi vyote viwili. Unacholipia kwenye 640 ni upana wa uwanja. Kwa lenzi ya 35, kihisi cha 384 kinaonyesha upana wa mita 13 kwenye umbali wa mita 100. Cha 640 kinaonyesha mita 22. Upana huo una thamani kubwa, kwa sababu mbweha hatembei mstari mmoja, na uwanja mwembamba unamfanya mtu ampoteze kila anapoingia nyuma ya kichaka. Lakini anayetaka kutambua kwa umbali zaidi ni lazima aongeze lenzi, na akiongeza lenzi uwanja unapungua. Mwenye 640 anaweza kuweka lenzi ya 50 na bado akabaki na upana wa mita 15. Mwenye 384 akiweka lenzi ya 50 anabaki na mita 9, na hapo kutafuta kunageuka mateso.

Ukuzaji wa kidijitali usikudanganye. Ukibonyeza mara 2 kwenye kihisi cha 640, kifaa kinachukua pikseli 320 kwa 256 za katikati na kuzitandaza kwenye skrini nzima. Mara 4 zinabaki 160 kwa 128. Mbweha anakuwa mkubwa machoni, pikseli zake ni zile zile 6. Skrini nayo ni hivyohivyo: skrini ya pikseli milioni moja mbele ya kihisi cha 384 inalainisha kingo za picha tu, haiongezi habari yoyote kuhusu mnyama.

Kuna namba mbili nyingine za kuuliza. Ya kwanza ni uwazi wa lenzi, unaoandikwa f/1.0 au f/1.2. Lenzi ya milimita 35 yenye f/1.0 ina kipenyo cha milimita 35, yenye f/1.2 ina 29 tu, na ile ya kwanza inapokea joto zaidi kwa asilimia 44. Watengenezaji huokoa fedha hapa, kwa sababu lenzi hizi hutengenezwa kwa germaniamu, ambayo ni ghali. Kioo cha kawaida hakifai kwa kuwa kinazuia mionzi ya joto ya mikromita 8 hadi 14 ambayo kihisi hiki huisoma. Ndiyo sababu darubini ya joto haioni kupitia dirisha la gari. Ukiielekeza kwenye kioo utajiona mwenyewe. Namba ya pili ni unyeti wa kihisi, yaani tofauti ndogo kabisa ya joto kinayoweza kuiona, unaopimwa kwa milikelvini (sehemu za elfu za nyuzi moja): 50 ni wa kawaida, 25 ni mzuri, chini ya 20 ni mzuri sana. Usiku mkavu wenye anga safi hutaona tofauti kubwa, kwa sababu mnyama ana joto zaidi ya majani kwa nyuzi kadhaa. Usiku wa ukungu, au baada ya mvua wakati kila kitu kimelowa na joto limelingana, kihisi cha 50 kinatoa picha ya kijivu kitupu huku cha 20 bado kikitenganisha shina la mti na udongo. Angalia pia kwamba unyeti huo hupimwa kwa lenzi ya f/1.0. Kihisi cha 20 nyuma ya lenzi ya f/1.2 si cha 20 tena.

Tukija kwenye mpangilio wa kununua, msimamo wetu ni huu: kama fedha zinatosha kifaa kimoja tu cha joto, kiwe cha kushika mkononi, kisiwe cha kufungwa kwenye bunduki. Mwenye darubini ya joto kwenye bunduki tu hana njia nyingine ya kutazama uwanja isipokuwa kuuzungushia mtutu. Kila anapotaka kujua kile kinachong'aa kule ni nini, anakielekezea silaha iliyojaa risasi. Hilo halikubaliki, hata kama kidole kiko mbali na kichochezi. Isitoshe, kuzungusha bunduki ya kilo nne kwa saa tatu kunachosha mikono, na mikono iliyochoka hailengi vizuri. Kifaa cha mkononi kiwe na uwanja mpana, lenzi ya 25 au ya 35, nacho kifanye kazi ya kutafuta usiku kucha. Cha bunduki kinahitajika kwa dakika chache za mwisho, na hicho ndicho cha kupewa lenzi ndefu.

Sasa tuseme yale ambayo picha ya joto haikuonyeshi, maana matangazo huyapita kimya. Waya wa ua wenye joto sawa na hewa hauonekani. Kijitawi mbele ya mnyama hakionekani, au kinaonekana kama kivuli hafifu, na risasi nyepesi yenye kasi ikikigusa inapasuka au kuhama njia. Kinachofuata ni mnyama aliyejeruhiwa. Mawe yaliyopigwa na jua mchana kutwa hung'aa saa kadhaa baada ya giza kuingia, na baadhi yake yana ukubwa uleule wa mnyama aliyejikunja. Karibu na machweo na macheo kuna muda ambapo joto la ardhi na la vitu vingine hukutana, na picha ikakosa umbo. Kibaya kuliko vyote, mandhari ya nyuma hupoteza kina chake: kilima kilicho mita 50 nyuma ya mbweha na kile kilicho kilomita moja nyuma yake vinaonekana ukuta mmoja. Hujui risasi itakomea wapi. Kwa hiyo eneo linatembelewa mchana kwanza, na mpigaji anakariri ni pande zipi zina udongo wa kuzuia risasi na zipi zina nyumba au barabara nyuma yake.

Kipima umbali cha leza si anasa hapa. Bila kina cha picha, mpigaji hukosea umbali kwa nusu nzima bila kujua. Tahadhari moja: mwale wa leza hurudi kutoka kwenye kitu cha kwanza kilichorudisha mwanga wa kutosha, na usiku kitu hicho mara nyingi ni majani marefu mbele ya mnyama. Ukipata mita 60 mahali ambapo macho yanasema 150, pima shina la mti au udongo ulio sawa na miguu yake, kisha pima tena. Vipimo viwili vinavyolingana ndivyo vya kuaminika.

Darubini za kidijitali ni habari nyingine kabisa, na hazistahili dharau wanazopewa. Hizi zina kihisi cha mwanga kama cha kamera, zikisaidiwa na taa ya infraredi, yaani mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ziko nyuma sana katika kutafuta, lakini katika kutambua mara nyingi zinaizidi darubini ya joto, kwa sababu zinaonyesha kile ambacho macho yetu yamezoea: manyoya, masikio, mkanda wa shingoni mwa mbwa, waya wa ua, kijitawi. Macho ya wanyama wengi wa usiku yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga, hivyo yanawaka kwenye skrini kutoka mbali. Usimtambue mnyama kwa macho peke yake, kwa kuwa kondoo naye macho yake yanawaka.

Taa yenyewe ndiyo inayoamua. Zipo za nanomita 850 na za 940, namba hiyo ikiwa ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Ya 850 inafika mbali zaidi kwa sababu kihisi kinaisoma vizuri, ila ukiitazama uso kwa uso ina nukta nyekundu hafifu, na mnyama aliyewahi kufyatuliwa risasi hujifunza kuikimbia. Ya 940 haionekani, lakini umbali wake hupungua sana. Anza na 850 yenye kioo cha kubana mwale, ubane kwa mbali na uutanue kwa karibu. Mahali pa kuifunga pana umuhimu wake pia: taa ikiwa chini au nyuma ya mtutu inaumulika mtutu, majani ya mbele yanawaka meupe, kihisi kinapunguza mwanga wa picha nzima, na kila kitu cha mbali kinakuwa cheusi. Watu wengi hurudisha darubini dukani wakidai ni mbovu wakati shida ni taa iliyofungwa vibaya. Ukungu, vumbi na mvua hufanya vivyo hivyo. Hapo zima taa au rudi nyumbani. Taa za leza zenye nguvu zisielekezwe kwenye macho ya mtu au mbwa wa kazi. Kwa kuwa mwanga wake hauonekani, jicho halijikingi kwa kufumba.

Darubini za bomba la kukuza mwanga, zile za picha ya kijani au nyeupe, zina picha ya asili na hazichelewi hata kidogo, lakini kwa kazi hii tunaziweka nyuma. Ni ghali, nchi nyingi zinabana uuzaji wake nje, mwanga mkali wa mchana unaweza kuliharibu bomba, na mnyama aliyetulia kivulini haonekani tofauti na kisiki.

Mchanganyiko tunaoupendekeza kwa anayepiga ndani ya mita 150, basi, ni darubini ya joto ya mkononi kwa kutafuta na ya kidijitali kwenye bunduki kwa kutambua na kulenga. Ya kwanza inakuambia kuna kitu. Ya pili inakuonyesha ni nani na kuna nini kati yenu. Anayewinda kwenye ukungu wa mara kwa mara au majani marefu atahitaji joto kwenye bunduki pia, naye ajue analipia nini.

Kuna na vile vifaa vinavyofungwa mbele ya darubini ya mchana. Faida yake ni kwamba unabaki na darubini uliyoizoea na ulinganifu wake. Kasoro ni mbili. Darubini ya mchana inaikuza skrini ndogo, hivyo ukipita mara 5 au 6 unaanza kuziona pikseli za skrini badala ya mnyama. Halafu kifaa kisipokaa sawasawa kila unapokifunga, risasi inahama. Kijaribu namna hii: piga tatu, kitoe, kirudishe, piga tatu nyingine, ufanye hivyo mara tatu. Vikundi vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 3 kwenye mita 100, tatizo ni kifungio, na kurekebisha alama ya kulengea hakutalitatua.

Kuoanisha darubini ya joto na bunduki, yaani kuifanya alama ya kulengea ikae pale risasi inapopiga, kunahitaji shabaha inayoonekana kwa joto. Vifuko vya kupashia mikono joto vinafaa, lakini vinatawanya joto kwenye karatasi na kingo zinafifia. Kilicho bora ni mraba wa sentimita 5 wa utepe wa alumini wenye gundi, ubandikwe kwenye kadibodi na kadibodi ilazwe nyuma kidogo kwa juu ili alumini iakisi anga. Anga safi ni baridi mno, kwa hiyo mraba unaonekana wazi ukiwa na kingo kali. Anga likiwa na mawingu mazito ujanja huu unadhoofika, na hapo ndipo vifuko vinarudi kazini. Piga risasi tatu kwenye mita 100, pima kutoka katikati ya kikundi, ndipo uhamishe alama. Usiihamishe kwa kila risasi, utaifukuza usiku kucha. Kabla ya kuanza, soma kwenye kitabu cha kifaa hatua moja ya marekebisho ni sentimita ngapi. Kwa lenzi ya 35, pikseli nzima ni sentimita 3.4, na kifaa kinachosogea kwa pikseli nzima hakiwezi kukupeleka karibu zaidi ya hapo. Vingine husogea kwa robo ya pikseli, na hilo ni swali la kuuliza dukani. Skrubu za pete zikazwe kwa kiasi alichosema mtengenezaji kwa bisibisi yenye kipimo, nyingi zikiwa karibu na nyutonimita 2. Zilizokazwa kupita kiasi hubana mwili wa darubini hadi ukapinda.

Kifaa kikishafungwa, lalamiko linaloongoza ni picha yenye ukungu, na mara nyingi kosa liko kwenye jicho. Zungusha kwanza pete ya upande wa jicho hadi maandishi ya menyu yawe makali, bila kujali mandhari. Ndipo uzungushe lenzi ya mbele hadi mnyama awe mkali. Anayeanza na ya mbele hazipati zote mbili. Kisha pana ule mlio mdogo wa ndani: kifaa kinashusha kifuniko mbele ya kihisi na kujisawazisha, picha ikiganda kwa muda mfupi. Kikiachwa kijiendeshe chenyewe, kitachagua wakati mbweha anasimama. Kiweke kwenye hali ya mkono na ukisawazishe kabla ya kuinua bunduki. Rangi ya picha pia ina zamu zake: joto jeupe, yaani chenye joto kikionekana cheupe, kwa kutafuta, kwa sababu doa jeupe linaruka machoni, joto jeusi kwa kutambua, kwa sababu mwili unapata kivuli na umbo. Rangi za upinde wa mvua ni za kuonyeshea wageni. Mwanga wa skrini upunguzwe hadi chini kabisa inapowezekana, la sivyo ukitoa jicho utakuwa kipofu kwa zaidi ya dakika kumi, na uso wako utaonekana kutoka mbali. Kasi ya picha isipungue 25 kwa sekunde, na 50 ni bora. Vifaa vya picha 9 kwa sekunde viliundwa hivyo kwa ajili ya masharti ya kuuza nje, na mnyama anayekimbia mita 9 kwa sekunde husogea mita nzima kati ya picha moja na inayofuata.

Betri tuzipitie haraka. Namba 18650 kwenye betri ya kuchaji inamaanisha kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, lakini zenye saketi ya ulinzi ni ndefu zaidi kwa milimita chache na huenda kifuniko kisifunge. Mahali palipoandikwa CR123A ya volti 3 usitie ya kuchaji ya ukubwa huo bila ruhusa ya mtengenezaji, kwa sababu ikijaa inafika volti 4.2 na inaweza kuunguza saketi. Saa 8 za kwenye tangazo hupimwa bila kurekodi na bila Wi-Fi. Usiku wa baridi hesabu nusu, na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili.

Asiye na fedha za yote haya hajaachwa. Darubini ya mchana ya 8×56, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 56, hutoa mwanga wenye upana wa milimita 7, yaani 56 kugawa 8, na mboni ya kijana gizani hufunguka kiasi hichohicho. Ya mtu mzima mara nyingi hufika 5 tu, kwa hiyo mzee asilipie 56. Chini ya mbalamwezi, kwenye uwanja mweupe au wa mchanga, inatosha mita 100. Ongeza taa nyekundu, ambayo mbwa na jamaa zake huiona vibaya kwa kuwa macho yao yana aina mbili tu za chembe za rangi na zote ziko mbali na wekundu. Mmulike mnyama kwa ukingo wa mwale, si kwa kitovu chake, hadi utakapokuwa tayari.

Kabla ya yote hayo msomaji aulize sheria ya mahali anapowinda. Kuna nchi zinazoruhusu darubini ya usiku ya mkononi na kukataza iliyofungwa kwenye silaha, nyingine zinakataza taa, nyingine zinakataza uwindaji wa usiku kabisa au zinataka kibali kwa kila aina ya mnyama. Kununua kwanza na kuuliza baadaye ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Tuna ombi kwa gazeti lenyewe. Mnachapisha matangazo ya darubini hizi karibu kila toleo, na yote yana umbali wa kugundua kwa herufi kubwa. Watakeni watangazaji wachapishe pia namba nne: ukubwa wa pikseli, urefu wa fokasi wa lenzi, uwazi wake, na picha ngapi kwa sekunde. Nafasi inayohitajika ni mstari mmoja. Na muuzaji anayeamini bidhaa yake akubali mteja aitoe nje usiku, mtu amtembeze mbwa kwenye mita 80, 120 na 160, na mteja aseme bila kuambiwa ni mbwa au ni mbuzi. Umbali wa mwisho aliopatia ndio uandikwe kwenye risiti.

Sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa darubini na silaha za uwindaji